Nyumba Moja, Rimoti Tano: Mwongozo Kamili wa Kuvipanga Vifaa vya Umeme Ili Kila Mtu Aweze Kuvitumia

Saa moja jioni ni saa ya taarifa ya habari ya Kiswahili, na katika nyumba nyingi za Mombasa ndiyo saa ambayo mzee wa nyumba huanza kuita: "Hebu njoo uniwekee." Aliye karibu anaacha alichokuwa akifanya, anashika rimoti ya kwanza, kisha ya pili, anabonyeza hapa na pale, picha inakuja, anaondoka. Kesho yake wito ni ule ule. Mzee huyu aliendesha winchi bandarini Kilindini miaka na miaka, au alisomesha watoto kwa biashara ya mahamri. Leo runinga yake mwenyewe inamshinda, na polepole anaanza kuamini kwamba amezeeka akili.

Hajazeeka akili. Amewekewa mlolongo wa vifaa ambavyo hakuna aliyevipanga vikae pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayeitwa: kijana, binti, mkwe, mjukuu. Tenga Jumamosi moja uipange nyumba ili mzee, mtoto na dada wa kazi waweze kuwasha, kuzima na kutumia kila kitu bila wewe kuwepo.

Kazi imehamia kwa mteja

Kabla ya mwaka 2015, runinga ilihitaji antena juu ya paa na kitufe cha kuwashia, basi. Mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka huo, ikabidi kutafuta king'amuzi, nacho kikaja na rimoti yake. Ikafuata rauta ya intaneti, kisha runinga janja inayodai akaunti, kisha spika. Kila kampuni ilitengeneza chake kana kwamba ndicho pekee kitakachoingia nyumbani kwako.

Stima nayo ni hivyo hivyo. Zamani msoma mita alipita mlangoni na bili ikafuata. Siku hizi unanunua tokeni mwenyewe na kuibonyeza mwenyewe, tarakimu 20. Mwaka 2024 wenye mita za tokeni walitumiwa namba tatu badala ya moja: mbili za kuisasisha mita na ya tatu ndiyo tokeni yenyewe. Tarakimu 60. Sababu ni kwamba mfumo wa mita hizi, unaotumika nchi nyingi duniani, huhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Lilikuwa jambo la wahandisi, lakini aliyefanya kazi ni mama wa Kisauni aliyesimama gizani akisomewa namba na mwanawe kwa mwanga wa simu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wanajilaumu bure, na mtu anayejilaumu haulizi maswali dukani.

Hatua ya 1: Pita nyumba nzima na daftari

Chukua daftari la shule la kawaida. Kila kifaa kipe ukurasa wake: jina, modeli (iko kwenye kibandiko cha nyuma au chini), tarehe kilipoingia nyumbani, duka, na rimoti yake ni ipi. Piga picha kibandiko na risiti, kwa sababu wino wa risiti hufifia haraka kwa joto letu hili.

Kisha andika jambo ambalo wengi husahau: akaunti ya kifaa hiki ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani na namba ya simu ya nani? Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Runinga ilisajiliwa na mpwa aliyekuwa likizoni, mpwa akaenda Qatar na kubadilisha laini, na siku runinga inapodai nywila upya, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye laini isiyo na mwenyewe. Dawa yake ni kufungua barua pepe moja ya nyumba, isiyo ya mtu binafsi, iliyofungwa kwa laini ya mtu asiyehamahama, kisha kuhamishia akaunti zote huko. Nywila za runinga na waifai ziandike kwenye daftari. Za benki na PIN ya M-Pesa usiziandike humo kamwe.

Hatua ya 2: Mpe mzee rimoti, wewe kaa kimya

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, mwombe anayeshindwa zaidi afanye jambo moja unaloona wewe. "Nyanya, tuwekee taarifa ya habari." Kisha kaa, mikono mapajani, usiseme neno. Angalia kidole chake kinasita wapi.

Utaona mambo ambayo hukuyadhania. Pengine hasomi maandishi ya rimoti kwa sababu ni ya kijivu juu ya plastiki ya kijivu. Pengine anabonyeza kitufe kikubwa chekundu cha rimoti moja, runinga inawaka lakini king'amuzi bado kimelala, skrini inaandika kwamba hakuna mawimbi, naye anabonyeza tena na kuizima runinga aliyokuwa ameiwasha sawasawa. Pengine anajua kila kitu hadi linapojitokeza tangazo lililofunika skrini, asijue pa kulitoa. Andika kila pale aliposita. Orodha hiyo ndiyo kazi yako, maana mambo mengine yote yanayokukera wewe kwenye runinga hiyo hayamhusu yeye.

Usimsahihishe wakati anajaribu. Mtu mzima akikosolewa mbele ya wajukuu haigusi tena rimoti hiyo.

Hatua ya 3: Runinga, mpaka ibaki rimoti moja

Anza na rimoti zenyewe. Ile unayodhani imekufa, ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya kujipigia picha, kisha ubonyeze kitufe chochote ukiangalia skrini ya simu. Rimoti nzima huonyesha kitaa kinachometameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe, ambacho jicho tupu halikioni. Kikionekana, rimoti haina shida, tafuta tatizo kwenye runinga. Kisipoonekana, fungua mahali pa betri. Hewa yetu ya chumvi na betri zilizovuja huacha unga mweupe au wa kijani kwenye springi. Lowesha pamba kwa siki au maji ya ndimu, sugua, kausha vizuri, weka betri mpya. Rimoti nyingi zilizotupwa jaani zilihitaji hilo tu. (Rimoti zinazotumia bluetooth, kama za vijiti vya HDMI, vile vinavyochomekwa kwenye runinga kuiletea intaneti, hazionyeshi mwanga huo, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo hiki.)

Sasa unganisha. Runinga za miaka ya karibuni zina uwezo wa kuongoza kifaa kilichochomekwa kwenye HDMI, mlango wa waya wa picha na sauti, kwa rimoti ya runinga yenyewe, na kuwashana pamoja. Kwa Samsung mipangilio hiyo inaitwa Anynet+, kwa LG ni Simplink, kwa Sony ni Bravia Sync. Mara nyingi huja ikiwa imezimwa, na mwenye runinga hukaa nayo miaka bila kujua. Iwashe, kisha jaribu. King'amuzi cha bei nafuu huenda kisikubali. Kikikataa, fundi wa rimoti mjini atakuuzia rimoti ya kujifunza, inayonakili vitufe vya rimoti mbili au tatu na kuvikusanya mahali pamoja.

Fanya na haya:

Ipe milango majina. Badala ya "HDMI 1" na "HDMI 2", menyu nyingi hukuruhusu kuandika jina. Mzee akibonyeza "Source" aone "KING'AMUZI" na "INTANETI".

Runinga ikiwaka, iende moja kwa moja kwenye stesheni ya mwisho, isiende kwenye ukurasa wa programu na matangazo. Tafuta kwenye mipangilio ya jumla palipoandikwa kuhusu kuanza kwa ukurasa wa nyumbani, uzime. Hili peke yake hupunguza nusu ya wito wa saa moja jioni.

Tia nukta ya rangi ya kucha kwenye vitufe vitatu: cha kuwasha, cha sauti na cha stesheni. Vitufe vya huduma ambazo hamlipii, vile vikubwa vyenye nembo, vizibe kwa utepe mweusi. Kidole kikigusa kimoja kwa bahati mbaya, mzee hujikuta nchi ya kigeni asijue njia ya kurudi.

Kama runinga yako ina kipokezi cha DVB-T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya antena, ndani yake (imeandikwa kwenye boksi au kitabu), hauhitaji king'amuzi kwa stesheni za bure. Chomeka antena ya UHF, chagua kutafuta stesheni upya, na umeondoa boksi moja, rimoti moja na waya mmoja. Nyumba ambayo wazee hutazama taarifa, ibada na mpira wa taifa tu, mara nyingi hiyo inatosha kabisa.

Na runinga janja iliyozeeka, ambayo programu zake zimeacha kufunguka, usikubali kuambiwa imekufa. Kilichokufa ni programu, kioo bado ni kizima. Kijiti cha HDMI kitairudishia intaneti kwa gharama ndogo mno kuliko runinga mpya.

Neno moja kuhusu siri zenu: runinga nyingi, siku ya kwanza, huomba ruhusa ya kukusanya habari za mnachotazama. Unaruhusiwa kukataa na itafanya kazi vilevile. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na ridhaa yako ina uzito.

Hatua ya 4: Waifai na kuta za Mombasa

Rauta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ni ya kasi lakini ukuta huichosha upesi. Ya 2.4 ni ya polepole zaidi, ila hupenya. Kwa nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, tofauti hii ndiyo kila kitu. Chumba cha pili tu kutoka kwenye rauta, GHz 5 inaweza kupotea kabisa, na simu ikaendelea kuing'ang'ania badala ya kuhamia kwenye ile inayoshika. Ingia kwenye mipangilio ya rauta (anwani na nywila zimeandikwa kwenye kibandiko chini yake), tenganisha mawimbi hayo na uyape majina mawili tofauti. Vyumba vya mbali viunganishwe kwenye 2.4 peke yake.

Utenganishaji huo utakuokoa na usumbufu mwingine. Balbu janja, plagi janja na kamera nyingi za bei nafuu hukubali 2.4 tu, na zikishindwa kuunganishwa hazikwambii kwa nini. Watu wamerudisha kamera nzima dukani kwa sababu hiyo.

Weka rauta juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Intaneti ikikatika, ichomoe kwenye stima, hesabu nusu dakika, irudishe, subiri dakika tatu kabla ya kujaribu. Yale maandishi "Reset" kwenye tundu dogo la nyuma usiyaguse, na umwambie kila mtu nyumbani asiyaguse. Ukilidunga tundu hilo kwa sindano unafuta hata mipangilio ya kampuni ya intaneti, na utangoja fundi wao.

Hatua ya 5: Tokeni, na stima isiyotulia

Namba ya mita iandike kwa kalamu nene ukutani, karibu na kibodi ya mita. Namba ya kulipia ni 888880, akaunti ni namba hiyo ya mita. Ujumbe wa tokeni ukichelewa au ukifutwa, *977# hukuwezesha kuiomba tena, hata kwa simu ya mulika mwizi.

Kubonyeza tokeni kuwe kazi ya watu wawili. Mmoja anasoma tarakimu nne nne, mwenzake anabonyeza na kurudia kwa sauti. Mkipokea namba zaidi ya moja, zifuate kwa mpangilio zilivyotumwa, na ubonyeze kitufe cha kukubali baada ya kila moja. Kibodi ya ndani isipowaka, angalia betri zake kabla ya kumwita mtu, na uhakikishe imechomekwa kwenye soketi.

Umeme wetu ni volti 240, lakini hupanda na kushuka, na unaporudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo. Friji za sasa zina bodi ndogo ya elektroniki ambayo friji ya zamani ya babu haikuwa nayo, nayo ndiyo hufa kwanza. Gadi ya friji ni lazima: huzuia umeme mbaya na huchelewesha kurudi kwake dakika chache ili kompresa isilazimishwe kuanza ikiwa bado ina presha. Na kwa kuwa tuko Pwani, sogeza friji na mashine mbali kidogo na ukuta, ufagie nyuma yake kila mwezi. Mijusi hupenda joto la bodi, na mmoja akilala juu ya nyaya mbili bodi nzima huungua.

Hatua ya 6: Mashine ya kufulia

Hapa swali la kwanza ni maji. Mashine ya kujiendesha yenyewe huvuta maji kwenye bomba na hudai presha. Kitabu chake huandika kiwango cha chini, mara nyingi MPa 0.03 au 0.05, maana yake maji yashuke kutoka tangi lililo juu ya mashine kwa mita 3 hadi 5. Tangi lililokaa juu ya bafu la nyumba ya chini halifiki hapo, na nyumba inayonunua maji kwa mitungi ya mkokoteni haina presha yoyote. Matokeo yake mashine inasimama katikati, inapiga kelele na kuonyesha herufi. Kwa LG, IE ni maji hayaingii, OE maji hayatoki, dE mlango haujafungika. Kwa Samsung, 4C au 4E ni maji hayaingii, 5C au 5E hayatoki. Ziandike kwenye karatasi uibandike kwenye mashine. Kabla ya kumlipa fundi, fungua mpira wa maji na usafishe kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake, maana mchanga wa kisima hujaa humo, kisha fungua kile cha chini mbele, panapojificha sarafu na vifungo.

Kwa nyumba isiyo na presha, maoni yangu ni thabiti: nunua ile ya matangi mawili, ya swichi za kuzungusha. Unaijaza kwa ndoo, kila mtu anaielewa, na fundi wa mtaani anaitengeneza.

Kama tayari mna yenye programu kumi na tano, chagueni mbili, ya nguo za kila siku na ya haraka. Weka utepe wa rangi kwenye hizo mbili. Zingine zisahau.

Hatua ya 7: Simu ya mzee

Kuza maandishi, acha programu nne tu kwenye uso wa simu, ya kwanza iwe ya kupiga. Simu ya Android ikianza ghafla kusoma kila kitu kwa sauti na kukataa kuguswa kama kawaida, imewashwa TalkBack. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde kama tatu, itazimika.

Kwa M-Pesa, mzoeshe *334# kama programu inamchanganya. Mfundishe kulisoma jina la anayetumiwa kabla ya kutia PIN, na ajue kwamba pesa zikienda kusiko, ujumbe wenyewe wa muamala husambazwa kwa 456 mara moja. PIN haisomewi mtu yeyote kwenye simu, hata akijua jina lako lote na la baba yako.

Hatua ya 8: Kabla ya kununua kingine

Dukani, muuzaji atakuonyesha kifaa mwenyewe, kwa mkono uliozoea. Mwombe akizime, akupe rimoti, asimame kando. Kama una mzee atakayekitumia, nenda naye. Uliza: kinafanya kazi bila intaneti? Bila kupakua programu ya simu? Vitufe ni vya kubonyeza au vya kugusa tu? (Vya kugusa, kwa mikono yenye maji na jikoni lenye mvuke, husumbua sana.) Spea zake zinapatikana hapa Mombasa, au zinasubiriwa kutoka Nairobi? Ukijibiwa kwa kusitasita, tembea hadi duka la pili.

Vya mtumba kutoka Uingereza au Dubai, na zawadi za jamaa walio ng'ambo, soma kibandiko cha umeme kwanza. Kikiandikwa 220-240V ni sawa. Kikiandikwa 110V au 120V, kama vingi vya Marekani, kikichomekwa hapa moja kwa moja kitaungua. Lugha ya menyu ikiwa ya kigeni, mwambie muuzaji aibadilishe ungali hapo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na pia haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa hiyo duka linalokuuzia mashine na kukukabidhi kitabu cha Kichina peke yake halijatimiza wajibu wake. Dai maelezo, dai uonyeshwe, dai risiti na waranti yenye mhuri.

Kifaa kikiharibika ndani ya waranti na duka likakuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Wakinyamaza, malalamiko ya wateja hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Au nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, kwa Kiswahili. Beba risiti, waranti, nakala ya barua, picha za kifaa, na lile daftari la hatua ya kwanza lenye tarehe zote.